Vuli ndio hiyo inaingia: ziba matundu saa hii kabla mende na panya hawajahamia kwako

Ukiona kusi imelegea, jioni kumetulia kimya na joto linaanza kukushika shingoni hata ukiwa umekaa tu barazani, jua vuli haiko mbali. Mvua ya kwanza itanyesha usiku mmoja ghafla, asubuhi utasikia mtaa mzima unalia kilio kimoja, ati mende hawa wametoka wapi, panya ameingia saa ngapi, sisimizi kwenye sukari wameletwa na nani. Hawajatoka mbali jamani. Walikuwa hapo hapo chini ya miguu yenu, kwenye chemba, kwenye mtaro, kwenye mashimo ya ukuta wa nyuma, sasa maji yamewajazia makwao na wao wanatafuta pakavu pa kulala.

Mimi nimelelewa Mji wa Kale hapa Mombasa kwa nyanyangu, nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mkoko, sasa hivi niko Kisauni kwa ploti ya vyumba sita, na kote huko nimepigana na wadudu na kote nimetupa pesa kwa dawa kabla sijajua kwamba dawa ni ya mwisho. Kazi yenyewe ni simiti, wavu na kumwaga maji. Na ifanywe Septemba, Oktoba mwanzo ikizidi sana, manake mvua ikishashika unabaki kuziba matundu kwenye ukuta unaotiririka maji na fundi naye kila mtu anamtaka siku ile ile.

Anza na tochi. Chagua usiku mmoja, ikifika saa tano zima taa zote, watoto wawe washalala, kaa kama nusu saa kimya halafu ingia jikoni ghafla uwashe tochi. Usikimbilie ndara! Usimpige mende kwanza. Tazama wanakimbilia wapi, pale wanapopotelea ndipo mlango wao ulipo, weka alama na chaki kisha nenda chooni ufanye vile vile. Mchana ukirudi na akili zako lala kifudifudi sakafuni utazame chini ya mlango wa nje. Mwanga ukipita mende anapita. Kalamu ya biro ikiingia, kipanya kidogo kile cha nyumbani anaingia, na tundu likishaingia kidole gumba basi hilo hata yule panya mkubwa akiwa bado mchanga atajibana mpaka apite. Watu wengi wanadhani panya anahitaji tundu la kiasi chake, hapana, kichwa kikipita mwili unafuata.

Sasa tuje kwa mende, na hapa ntakaa kidogo manake hapa ndipo watu wa Mombasa tunapokosea zaidi. Kuna mende aina mbili ndani ya nyumba zetu na kila mmoja ana dawa yake. Kuna yule mkubwa, rangi ya tende, anayekurukia usoni ukipiga kelele, huyo ni wa chemba, jikoni kwako anakuja kutembea tu. Halafu kuna mdogo, rangi ya chai ya maziwa, ana mistari miwili myeusi hapa nyuma ya kichwa, huyo haji kutembea, huyo amehamia, anaishi nyuma ya friji na kwenye bawaba za kabati na ndani ya jiko la gesi.

Yule mkubwa anapanda kwa bomba. Chini ya sinki yako kuna kile kibomba kilichopinda, na tundu la maji la bafuni nalo lina mpindo wake chini ya sakafu, kazi ya mpindo ule ni kushika maji kidogo ili harufu na wadudu wa chemba wasipande juu. Sawa. Sasa hapa kwetu maji ya mfereji yanaweza kukatika siku nne, wiki, wengine hata hawakumbuki mara ya mwisho yalitoka lini, tunaoga kwa kopo, tunaosha vyombo nje kwa karai, ile sinki imekaa tu kama pambo. Yale maji ya kwenye mpindo yanakauka polepole na bomba linabaki wazi kutoka kwenye chemba mpaka kwenye sahani zako. Nlikaa miaka mitatu nikipuliza dawa jikoni kila wiki na kumbe mlango wenyewe ni sinki ya chumba cha pili ambayo haitumiki! Fundi mmoja wa bomba ndio alinifungua macho, aliinama akanusa tu akaniambia dada, hapa pamekauka.

Kwa hivo kila jioni mwaga kikombe cha maji kwenye kila tundu la nyumba, hata yale ya maji uliyooshea mchele yanatosha, mradi tundu lisikauke. Ukisafiri, tuseme unaenda Malindi harusini wiki nzima, ukishamwaga maji tia na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, mafuta yanaelea na maji hayakauki haraka. Tundu la bafuni liwekee kichujio cha matundu madogo, kama huna, usiku lifunike kwa mfuniko wa sufuria uliochakaa na jiwe juu. Nje nako kazungukie chemba, mifuniko ya zege huwa imekatika pembe na ile pembe ndio geti lenyewe, piga simiti. Simiti si lazima ununue mfuko mzima, hadiwea za mtaani wanakupimia kwa kilo.

Na ukiwa huko nje inua macho uone lile bomba la pumzi linalotoka kwenye shimo la choo likapanda mpaka juu ya paa. Mdomo wake uko wazi? Funga wavu wa mbu pale, ukaze na waya. Wale mbu wa kahawia wanaokuimbia sikioni usiku kucha wengi wao wanazaliwa humo ndani, kwenye maji machafu, wanatoka kwa bomba hilo hilo.

Yule mende mdogo ni habari nyingine. Huyo ukimpulizia dawa ya kopo unamtawanya tu, anaenda kwa jirani wiki mbili kisha anarudi na watoto. Mayai yake anayabeba kwenye kifuko kwenye ncha ya tumbo huko nyuma, kifuko kimoja mayai thelathini na kitu, na dawa ya kupuliza haiingii humo vizuri. Kinachomuweza ni jeli, ile ya bomba la sindano, unaweka vitone vidogo kama punje ya mchele kwenye bawaba, nyuma ya friji karibu na mota, kwenye pembe za droo, vitone vingi vidogo, usiweke bonge moja. Anakula, anaenda kufia kwenye tundu lake, wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake na wao wanakufa. Inachukiza lakini ndio inavofanya kazi. Sharti lake moja, usipulize dawa ya kopo karibu na jeli wala usipasugue kwa jiki, akisikia harufu hataila na pesa yako imeenda. Rudia baada ya wiki tatu hivi, manake yale mayai yatakuwa yashaanguliwa. Na jeli haitashinda na sufuria la wali, ukilaza vyombo vichafu usiku kwa nini ale jeli?

Panya. Mvua ikijaza mashimo yao huko kwenye jalala na mitaroni wanapanda majumbani, na nyumba zetu za mabati zina ule mwanya pale bati linapokaa juu ya ukuta, yale mawimbi ya bati, kila wimbi ni mlango. Pale tia simiti, au waya wa matundu madogo ukunjwe na kusukumwa ndani. Matundu ya ukutani panapopita bomba na nyaya za stima usizibe na karatasi wala tambara wala ile povu ya mafundi peke yake, atatafuna usiku mmoja. Jaza kwanza waya wa kusugulia sufuria, ule wa chuma, ukandamize kabisa, halafu simiti juu. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira mnene, mafundi viatu wanakukatia cha tairi. Na kama una mwembe au mkorosho unaogusa paa, kata matawi yabaki mbali na paa zaidi ya mita moja, lile tawi ni daraja lake, na la maji moto vile vile, wale chungu wekundu wa mwembeni ambao wakikuangukia shingoni utavua shati barabarani.

Aliyeshaingia ni wa mtego. Panya hatembei katikati ya chumba, anafuata ukuta, utaona hata alama ya mafuta mafuta ukutani anapopita kila siku, basi mtego ukae hapo, mdomo wake ukiangalia ukuta. Yule mkubwa anaogopa kitu kigeni kwa hivo siku mbili tatu za mwanzo weka chambo bila kutega, ale, azoee, ajione mjanja, siku ya nne tega. Chambo kizuri kwetu ni kipande cha papa mkavu au kokwa ya nazi iliyochomwa kidogo, ifunge na uzi asiichomoe. Paka usimtegemee sana, hasa ukiwa karibu na soko la samaki, paka wa Mji wa Kale anashiba vichwa vya changu tangu asubuhi, panya akipita anamtazama tu kama jirani. Ukimtoa panya aliyekufa vaa mfuko wa plastiki mkononi, na mavi yake usiyafagie makavu, yamwagie kwanza maji yenye jiki, ngoja dakika kama kumi, halafu upanguse.

Kitu kinachowaita wote hawa, mende panya sisimizi, ni jikoni kwetu na mapishi yetu ya nazi. Angalia ile mbuzi ya kukunia nazi, umeshakuna, umeshachuja tui, machicha yamekaa kwenye bakuli mpaka asubuhi na mbuzi yenyewe haijaoshwa, hapo umeandika mwaliko wa harusi. Machicha yatoe usiku ule ule, kuku wanayapenda. Taka zikae kwenye ndoo yenye mfuniko, mfuko peke yake ukiuweka nje alfajiri kunguru washauchana na mifupa ya samaki iko barabara nzima, na ikifika magharibi panya anakuja kumalizia.

Sisimizi nao msiwahangaikie kwa sumu. Fuata mstari wao mpaka unapotoka ukutani, pangusa njia yote na maji ya sabuni au siki, manake wanafuatana kwa harufu, halafu ziba pale. Nyanyangu miguu ya kabati la chakula alikuwa anaiweka kwenye vikopo vya maji, na mpaka leo hiyo ni kinga nzuri kuliko dawa nyingi ninazoziona, ila lazima utie tone la mafuta ya taa au ubadilishe maji kila siku chache, la sivyo umekimbia sisimizi ukafuga mbu. Mchele, unga na pojo tia kwenye ndoo za mfuniko wa kukaza, vuli hewa ina unyevu na fukusi wanapenda. Kama una friza, unga mpya ukae humo siku nne kabla ya kuumwaga kwenye ndoo, mayai yaliyokuja nao kutoka dukani yanakufa.

Mbu sasa, na hapa sitanii. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 Mombasa tuliumwa chikungunya mpaka watu wakawa wanashuka ngazi kwa makalio, viungo vimekaza. Jina lenyewe la Kimakonde, maana yake kujikunja, na ukishaugua huulizi kwa nini waliuita hivo. Mbu wake ndio huyo huyo wa dengi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, kwa hivo neti ya kitandani ambayo ni ya lazima kwa malaria haikusaidii wewe uliyekaa sebuleni saa kumi. Na huyu hapendi maji ya mtaro, anataka maji masafi, yaani yale yale tunayoweka akiba kwa taabu. Mapipa, mitungi, tanki lililopasuka mfuniko, kisahani cha chini ya chungu cha maua, tairi la zamani nyuma ya nyumba, kifuu cha dafu. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja tu au siku kumi. Pipa lifunikwe kitambaa kisha mpira wa kukaza, na mara moja kwa wiki likiisha maji lisugue ndani kwa brashi, kusuuza peke yake hakutoshi, mayai yamegandia ubavuni juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi yakingoja tu ulijaze tena. Madirishani piga wavu. Pangaboi liwashe, mbu hana nguvu ya kupambana na upepo. Ubani na majani ya mwarobaini ukichoma magharibi wanapungua, mimi nachoma na napenda harufu yake, lakini usilale ukiamini moshi.

Jioni ya mvua ya kwanza kumbikumbi watatoka. Hao wanafuata taa, zima taa za nje na za barazani kwa muda wa saa moja tu, au weka taa moja mbali na karai la maji chini yake, watoto wa mtaani watajua la kufanya nao. Asubuhi kama mbawa ziko nje usijali. Kama zimejaa ndani na madirisha yalikuwa yamefungwa, jali sana, hao wametokea ndani, kuna mchwa kwenye mbao zako. Zunguka ukuta kwa nje utafute vile vinjia vya udongo vinavopanda kama mishipa, vunja kimoja, rudi baada ya siku tatu, kikiwa kimejengwa upya basi wako kazini. Mbao, makaratasi na makuti ya zamani yaliyoegemezwa ukutani ondoa yote. Mchwa aliyeshaingia kwenye fremu za milango ni kazi ya mtu anayejua kutia dawa kwenye udongo wa msingi, hapo usijifanye fundi.

Tandu na nge watakuja mmoja mmoja hasa kwenye kuta za mawe ya zamani, kung'uta viatu kabla ya kuvaa na mashuka kabla ya kulala, na zile nyufa za ukuta zijaze chokaa. Kile kidudu chembamba chenye rangi ya chungwa na nyeusi kikikutambaa usikipondeponde, kipulize na mdomo kiondoke, maji yake yanaunguza ngozi kama moto, na ukishakiponda kwa bahati mbaya osha hapo hapo na sabuni. Kunguni sitawaweka kwenye vuli, hao hawaingii kwa mvua, wanaingia na godoro la mkono wa pili na mabegi ya wageni wa Desemba, ila nguo za begi la mgeni ukiweza zifuliwe kwa maji ya moto kabisa.

Kuhusu dawa zenyewe. Ile sumu ya panya inayouzwa na vijana wanaotembea na kipaza sauti, kifuko hakina jina wala maandishi, msinunue. Mimi nlinunua, panya sikumuona, nikampoteza paka wa jirani na urafiki na mama yake ukachukua mwaka kurudi. Chaki ya mende nayo inafanana kabisa na chaki ya shule na mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti. Dawa halali hapa Kenya ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, kwenye lebo, itafute kabla hujatoa pesa. Mtu wa kupuliza dawa nyumbani naye muulize anapuliza nini na akuonyeshe kopo lake, kama anakuja na chupa ya soda ya lita mbili iliyojaa kitu cheupe mpe chai aende. Na Mungu aepushe mtoto akila kitu, mkimbize hospitali na kile kifuko ukibebe mkononi, daktari atataka kukiona.

Ukiwa ploti kama mimi, ongea na wenzako mapema. Mkitia jeli vyumba vitano na cha sita kikakataa, hicho cha sita ndio kitakuwa lojing'i. Sisi tulichanga, tukachagua Jumapili moja, keateka akapiga simiti chemba na sisi kila mtu jikoni kwake, landilodi tulimwambia atukatie kwenye kodi akacheka, lakini mfuniko mpya wa chemba alileta.

Wamebaki siafu, na hao sina tundu la kuwaambia mzibe. Wakihama kwa mvua wakaamua njia yao inapita chumbani kwako, watapita. Unaweza kumwaga jivu mlangoni wakageuka, wakikataa, mtoe mtoto kitandani, fungua kuku na kamba ya mbuzi, beba shuka ukalale kwa jirani. Nyanyangu alikuwa hata hawapigi, anakaa barazani na kahawa yake anawasubiri wamalize. Asubuhi wakiondoka ukiingia jikoni na tochi yako, hata yule mende wa nyuma ya friji humkuti.